Kuhamisha deni ghali kwenda deni nafuu: mwongozo kwa mkopaji wa Tabora

Ukiingia mtandaoni kutafuta namna ya kupunguza makali ya madeni, hukawii kukutana na ushauri wa kadi: hamishia salio lako kwenye kadi yenye riba sifuri, kisha ulipe taratibu. Ushauri huo ni wa kweli, ila umeandikiwa mtu wa Marekani au Uingereza. Mwalimu wa Ipuli au mama anayeuza vitenge sokoni Tabora mjini kwa kawaida hana kadi hiyo. Kadi iliyo kwenye pochi yake ni ya kutolea fedha zake mwenyewe, na zikiisha zimeisha. Madeni yake yako kwenye simu, kwa mkopeshaji wa mtaani wa aina ile tunayoiita kausha damu, kwenye kikoba na kwenye makato ya mshahara.

Nakaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS moja, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, hapa mjini, na ninavyoona mimi, hesabu ileile ya kadi inawezekana kwa vyombo tulivyonavyo. Kinachowaangusha waombaji wengi ni kuangalia rejesho la mwezi badala ya jumla ya shilingi watakazotoa mpaka deni liishe. Rejesho likishuka wanashukuru Mungu, kumbe gharama ya deni imepanda. Shika hilo, mengine yote yanafuata.

Wenye kadi wanavyofanya

Tuanze na wao, maana ukielewa ya kwao ya kwako yatakuwa mepesi. Kadi ya mkopo Marekani mara nyingi hutoza riba inayozidi asilimia 20 kwa mwaka kwa salio lisilolipwa. Mtu mwenye deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 24 anatozwa kama dola 60 mwezi wa kwanza, kabla hajagusa deni lenyewe. Benki nyingine inayomtaka mteja huyo inamwambia: leta deni lako kwangu, nakupa miezi 15 bila riba. Muda huo wa nafuu Marekani kwa kawaida huwa kati ya miezi 12 na 21. Ada ya kuhamisha huwa kama asilimia 3 hadi 5 ya deni. Kwa ada ya asilimia 3, deni la dola 3,000 linakuwa 3,090. Ligawe kwa miezi 15, unapata dola 206 kwa mwezi. Akilipa hivyo bila kuruka mwezi, ameokoa mamia ya dola.

Benki haitoi sadaka hapo. Inajua kwamba wengi hawatamaliza ndani ya muda, na siku nafuu inapokwisha salio lililobaki linaanza kutozwa riba ya kawaida ya kadi. Inajua pia kwamba kadi ya zamani, ikishaachwa tupu, inavutia kutumiwa tena, na mtu anajikuta na madeni mawili. Akichelewesha malipo kwa zaidi ya siku 60, sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inairuhusu benki kumwondolea nafuu hiyo. Na kwa kawaida huwezi kuhamisha deni kati ya kadi mbili za benki ileile, kwa kuwa benki haipati mteja mpya. Kama una ndugu huko anayekutumia fedha kila mwezi huku analalamika kuhusu kadi, msomee aya hizi mbili. Zitamfaa kuliko pole.

Kwetu hakuna riba sifuri ya namna hiyo, isipokuwa mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo haina riba, lakini ni ya mradi wa kikundi. Ukiichukua ukalipia deni la nyumbani umewaingiza wenzako kwenye matatizo, kwa hiyo naiacha nje ya mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: daftari

Andika kila unayedaiwa naye. Mstari mmoja kwa kila deni: jina la mkopeshaji, mtaji uliobaki, unacholipa kwa mwezi, tarehe ya kulipa, na alichokushikia. Hilo la mwisho watu hulisahau. Kadi ya benki pamoja na namba ya siri, kadi ya pikipiki, hati ya kiwanja, karatasi tupu uliyoweka saini: vyote viandike, kwa sababu utatakiwa kuvidai baadaye.

Madeni ya simu usiyaandike kwa kukumbuka. Ingia kwenye menyu ya M-Pawa, Songesha, Timiza au huduma nyingine unayotumia, usome salio la leo. Mikopo ya kukamilisha muamala ndiyo inayodanganya zaidi. Kila mara ni kiasi kidogo, lakini gharama inaongezeka kadiri siku zinavyopita, na kila ukipokea fedha inakatwa kimyakimya. Wengi wanaokuja kwetu hawaihesabu kama deni kabisa.

Usimfiche mwenza wako daftari hili. Nasema kama mjumbe wa kamati: maombi mengi ya kulipa kausha damu yanakwama pale mume au mke anapoitwa kuthibitisha, naye ndiyo kwanza anasikia.

Kisha omba taarifa yako ya mikopo. Tanzania ina kampuni za kutunza taarifa za wakopaji zenye leseni ya Benki Kuu, zikiwemo Creditinfo na Dun & Bradstreet, na mabenki hutazama huko kabla ya kukukopesha. Unaweza kukuta deni la simu la miaka iliyopita ulilodhani limekufa bado limesimama pale kama deni baya. Elfu nane ya zamani inaweza kukuzuilia mkopo wa milioni mbili. Ilipe kwanza.

Hatua ya pili: geuza riba kuwa shilingi

Asilimia zinadanganya kwa sababu kila mkopeshaji anaitaja kwa namna yake. Mmoja anasema kwa mwezi, mwingine kwa mwaka, wa simu anasema ada tu, wala hatamki neno riba. Ada ya asilimia 10 kwa mkopo wa siku 30 ni asilimia 120 kwa mwaka ukiirudia kila mwezi. Wakati huohuo riba ya mikopo ya benki nchini imekuwa ikizunguka asilimia 15 au 16 kwa mwaka kwa wastani. Ukiziweka kwenye mstari mmoja, macho yanafunguka.

Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari. Nimeutunga, lakini sura yake haina ugeni kwangu. Ana mtaji wa 500,000 kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi anapeleka 100,000, na hiyo ni riba tupu, mtaji haupungui hata shilingi. Kwenye simu anazungusha 200,000 kwa ada ya asilimia 10, yaani 20,000 kila siku 30. Dukani kwa Mangi anadaiwa 150,000, haina riba. Kwa mwezi anatoa 120,000, na baada ya miezi kumi atakuwa ametoa 1,200,000 huku bado anadaiwa 700,000 ileile.

Deni la Mangi halihamishwi. Halina riba, na ukikopa ili kulilipa umelifanya ghali. Kaa naye mpange kulipa 15,000 kila mwisho wa mwezi. Atakubali, anachotaka ni kuona uso wako na kitu mkononi.

Halafu kuna namna ya kupiga riba, na hapa ndipo penye siri kubwa. Tuseme unakopa 700,000 kwa miezi kumi kwa asilimia 1.5 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kwanza anapiga riba kwenye mkopo wote wa awali mpaka mwisho, ile inayoitwa flati: 10,500 kila mwezi, mara kumi, jumla 105,000. Wa pili anapiga riba kwenye salio linalopungua. Mwezi wa kwanza 10,500, mwezi wa pili 9,450 kwa sababu umeshapunguza mtaji kwa 70,000, inashuka hivyo mpaka mwezi wa kumi unatozwa 1,050 tu. Jumla yake ni 57,750. Wote wawili wamekwambia "moja nukta tano". Tofauti ni 47,250, karibu nusu.

Kwa hiyo usimuulize afisa mikopo riba ni ngapi. Mwambie hivi: "Dada, nikichukua laki saba leo nikalipa miezi kumi, mpaka namaliza nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla, na fomu na bima vikiwemo?" Akupe namba moja. Akianza kuzunguka, omba jedwali la marejesho lililochapwa. Asiyeweza kukupa jedwali hafai kukukopesha.

Hatua ya tatu: uliza salio la kumaliza leo

Nenda kwa kila unayetaka kumlipa, umwombe kiasi cha kumaliza deni tarehe fulani. Sema tarehe. Kwa wakopeshaji wa mtaani utapewa namba mbili ukiuliza mara mbili, kwa hiyo pata maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Wengine hudai riba ya miezi yote iliyobaki hata ukilipa mapema. Hapo bishana. Kausha damu wengi hupunguza wakiona fedha taslimu ya kumaliza deni zima, maana wanajua mtu wa kulipa riba peke yake siku moja hutoroka.

Uliza pia kama ana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Kampuni za mikopo na wakopeshaji binafsi wasiopokea amana wako daraja la pili, nao wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Kikomo cha riba kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Sasa linganisha na ile 20 ya mwalimu wetu. Mkopeshaji anayejua kwamba unaijua namba hiyo huongea nawe kwa sauti nyingine kabisa.

Kwa programu za simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Kama unadaiwa na programu, angalia kama imo. Kuwemo kwenye orodha hakufuti fedha uliyopokea, lakini kunakupa nguvu wakianza kutuma meseji za kukudhalilisha kwa watu walioko kwenye simu yako.

Hatua ya nne: wapi pa kuhamishia

SACCOS ndiyo chaguo langu la kwanza, na si kwa sababu nakaa pale. Nyingi hupiga riba ya salio linalopungua, kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwezi, na dhamana yako ni akiba yako pamoja na wadhamini. Kwa kawaida hukopesha mara mbili au mara tatu ya akiba. Mwalimu wetu akihitaji 700,000 kwenye chama kinachotoa mara mbili, awe na akiba ya 350,000. Shida ni kwamba aliye taabani mara nyingi si mwanachama, na ukijiunga leo utasubiri miezi kadhaa kabla ya kukopeshwa. Jiunge hata hivyo. Huku ukisubiri unajenga akiba, na mwezi wa nne unakuja mezani ukiwa mtu anayejulikana. Hakikisha chama kimesajiliwa na kina leseni. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ndiyo inayovisimamia, na afisa ushirika wa halmashauri anavijua vyote vya wilaya yake. Muulize kwa upole, atakwambia hata kipi kinasuasua.

Na unapoomba, andika sababu ya kweli. "Kulipa deni la riba kubwa" ni sababu halali kabisa kwa kamati yenye akili. Tukikuta umeandika kununua bati halafu mdhamini wako anatuambia mengine, tunakata jina.

Kikoba kinafaa kwa kiasi kidogo na muda mfupi. Riba yake kwa mwezi inaweza kuonekana kubwa, asilimia 5 hata 10, ila sehemu yake inakurudia siku ya mgawo kama una hisa nyingi. Tatizo ni kalenda. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, na deni lote linatakiwa liwe limeingia kabla. Ukikopa Oktoba kwa kutegemea kulipa Februari, utajikuta Desemba unamtafuta kausha damu yuleyule ili ukamalize kikoba.

Mwajiri naye asisahaulike. Baadhi ya shule binafsi, hospitali za mashirika na kampuni hutoa mkopo wa mshahara usio na riba, unakatwa miezi mitatu au minne. Kuomba kunatia aibu, najua. Aibu hiyo gharama yake ni sifuri.

Ndugu akikukopesha, andikeni. Nimemaliza kuhusu ndugu.

Mabenki yana nafasi yake kwa mwenye mshahara unaopitia kwao, na hapo ninataka tukae kidogo.

Benki inapotaka kununua deni lako

Mtumishi wa umma mwenye mkopo benki moja hupigiwa simu na benki nyingine: tunanunua deni lako na tunakuongezea fedha mkononi. Huu ndio uhamishaji unaofanana zaidi na ule wa kadi. Wakati mwingine ni nafuu ya kweli, kwa sababu riba imeshuka kutoka asilimia 18 hadi 14. Mara nyingi kinachobadilika ni muda.

Piga hesabu. Una salio la 4,000,000, riba asilimia 16 kwa mwaka, miezi 24 imebaki. Rejesho ni kama 196,000 kwa mwezi, na mpaka unamaliza utakuwa umelipa riba ya takribani 700,000. Ukihamishia deni hilohilo kwa riba hiyohiyo lakini kwa miaka saba, rejesho linashuka hadi kama 79,000. Mshahara unaonekana umefufuka! Ila riba ya miaka hiyo saba ni takribani 2,670,000. Umeongeza gharama karibu mara nne, na hapo hujagusa hata senti ya "nyongeza mkononi", ambayo nayo inaingia kwenye muda huohuo mrefu.

Sisemi usichukue kamwe. Mtu ambaye makato yamemfikisha kwenye theluthi moja ya mshahara, kile kiwango ambacho mtumishi hapaswi kubaki chini yake, huenda anahitaji pumzi. Lakini aichukue akijua bei yake, na aombe muda mfupi kadiri mfuko unavyoruhusu. Miezi 36 kwa mfano huo huo inakupa rejesho la kama 141,000 na riba kama 1,060,000. Hiyo ni pumzi ya bei inayoeleweka.

Ukishaamua, mambo yanakwenda hivi. Omba benki ya zamani barua ya salio la mkopo, yenye tarehe ya mwisho wa kutumika. Uliza kama kuna tozo ya kumaliza mapema na uiongeze kwenye hesabu. Benki mpya ilipe benki ya zamani moja kwa moja. Ukipewa fedha mkononi ukalipe mwenyewe, safari ya kutoka benki moja hadi nyingine pale mjini ina vishawishi vingi. Halafu dai barua ya kumaliza deni. Mwezi unaofuata fungua slipu ya mshahara uisome. Inatokea benki zote mbili zikakata mwezi mmoja kwa kuwa taarifa ya kusitisha imechelewa, na fedha hiyo ni yako. Andika barua siku hiyohiyo, ambatanisha slipu, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya tano: linganisha, kisha amua

Rudi kwa mwalimu. Mkopo wa SACCOS wa 700,000, riba 57,750, bima tuseme 7,000, fomu 10,000. Gharama yote ni 74,750. Upande wa pili alikuwa anatoa 120,000 kila mwezi bila mtaji kupungua, yaani mwezi mmoja tu wa maisha ya zamani unazidi gharama ya mkopo mpya mzima. Hapo hakuna cha kujadili, ahamishe.

Si kila mara inakuwa wazi hivyo. Kanuni ninayotumia: kama faida ya kuhamisha haifiki mara mbili ya ada, nauli na usumbufu, bora ubaki ulipo na uongeze kidogo kwenye rejesho. Mtu wa Sikonge anayekuja mjini mara tatu kwa ajili ya mkopo wa laki mbili, akilala gesti usiku mmoja, faida yote imebaki stendi.

Hatua ya sita: lipa mwenyewe, mbele ya mtu

Siku fedha inapotoka, lipa siku hiyohiyo. Kesho yake mtoto ataumwa au msiba utatokea. Vyama vingine, kikiwemo chetu, hulipa moja kwa moja kwa anayedai. Omba utaratibu huo kama upo.

Kwa mkopeshaji wa mtaani nenda na shahidi. Lipa kwa simu au benki kama inawezekana ili kuwe na kumbukumbu, na kama ni taslimu pata risiti. Kabla hujaondoka, awe amekurudishia kila ulichoandika kwenye daftari: kadi, hati, na hasa zile karatasi zenye saini yako. Aandike kwa mkono wake kwamba hakudai tena, tarehe, saini, shahidi. Kisha nenda moja kwa moja kwenye mashine ya benki, badilisha namba ya siri. Kama alikuwa na kadi yako muda mrefu, omba benki ikupe kadi mpya kabisa.

Hatua ya saba: funga mlango wa nyuma

Hii ndiyo hatua inayoamua kama mwakani utarudi kwetu na sura ileile. Jiondoe kwenye huduma za mikopo ya simu pale menyu inaporuhusu. Futa programu, na kabla ya kuifuta zima ruhusa ya kusoma namba za watu kwenye simu yako. Namba ya afisa wa kausha damu ifute pia. Atakutafuta, kwa kuwa mteja aliyemaliza ndiye mteja mzuri.

Mwalimu sasa ana rejesho la 80,500 mwezi wa kwanza, linaloshuka hadi 71,050 mwezi wa mwisho. Alizoea kutoa 120,000. Ile tofauti ya karibu 40,000 asiirudishe kwenye matumizi. Anaweza kuilipia deni, na mwezi wa saba atakuwa amemaliza. Mimi ningemshauri agawe: nusu kwenye deni, nusu kwenye akiba ya dharura, kwa sababu kinachomrudisha mtu kwenye simu usiku ni homa ya mtoto na elfu thelathini ambayo hana.

Kama unalima tumbaku

Mkulima wa Urambo au Kaliua hana mwisho wa mwezi. Fedha yake inakuja msimu wa masoko, na mkopo wa pembejeo wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unakatwa kwanza kabla yeye hajaona kitu. Kwa hiyo hesabu ya mwalimu haimfai kama ilivyo. Kabla ya kuhamisha deni, chukua uzito unaotarajia kuuza, punguza makato ya pembejeo na michango ya chama, halafu angalia kinachobaki. Hicho tu ndicho unachoweza kumwahidi mtu mwingine. Wanaoumia ni wale walioahidi robota zilezile za tumbaku mara mbili, na wanaishia kuuza kwa walanguzi kwa bei ya kutupa ili wapate fedha ya haraka.

Tafuta mkopeshaji anayekubali malipo ya mkupuo baada ya masoko, na hakikisha riba inahesabiwa mpaka siku ya malipo ya tumbaku, kwa kuwa malipo huchelewa. Asali, karanga au mchele kidogo wa kuuza katikati ya mwaka unaweza kulipia riba ya miezi ya kusubiri ili mtaji usivimbe.

Mkopeshaji akileta ukorofi

Anza na malalamiko ya maandishi kwa taasisi yenyewe, ubaki na nakala. Wakikaa kimya au jibu lisikuridhishe, peleka Benki Kuu, ambayo ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha na mfumo wa mtandaoni wa Sema na BoT. Ambatanisha mkataba, risiti na jibu lao. Meseji za matusi kwa ndugu na wafanyakazi wenzako usizifute hata kama zinauma. Zipige picha ya skrini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kwa mambo kama hayo.

Hesabu ikikataa kabisa

Kuna watu ambao hata wakihamisha kila deni kwenda mahali pa bei nafuu kuliko pote, kipato hakifiki kwenye rejesho. Mkopo mpya kwao ni kuongeza jina moja kwenye daftari. Hapo uza kitu: pikipiki ya pili, kiwanja ambacho hujakijenga, ng'ombe wawili. Kisha mwendee mwenye riba kubwa kuliko wote na fedha hiyo mkononi, mwombe asimamishe riba na apokee mtaji kwa awamu tatu. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na shahidi wa kila upande, muhuri ugongwe, ndipo utoe awamu ya kwanza.